Hati, tumbaku na kura: kisa cha parishi ya Falls Church

Februari 2007 maaskofu wakuu wa Ushirika wa Kianglikana walikutana Dar es Salaam, katika hoteli ya White Sands. Jumapili ya tarehe 18 walivuka maji kwenda Zanzibar wakasali katika Kanisa Kuu la Mkunazini, na kesho yake wakatoa tamko. Wengi wanalikumbuka tamko hilo kwa sababu ya muda ambao Kanisa la Kiepiskopali la Marekani, yaani Kanisa la Kianglikana la huko, lilipewa kujibu kuhusu suala la mapenzi ya jinsia moja: hadi Septemba 30 mwaka ule. Mwishoni mwake kulikuwa na jambo jingine lililozungumzwa kidogo tu. Pande zilizokuwa zikigombania mali za makanisa huko Marekani ziliombwa zisimamishe kesi zote: wanaoondoka wasijitwalie mali bila ridhaa ya Kanisa la Kiepiskopali, na Kanisa nalo lisiwazuie kuitumia.

Ombi hilo lilichelewa. Mwishoni mwa Januari Dayosisi ya Virginia ilikuwa imekwisha kwenda mahakamani dhidi ya parishi zake zilizopiga kura ya kuondoka. Iliyojulikana kuliko zote ni The Falls Church, parishi ya kitongoji kilicho karibu kilomita kumi kutoka Washington, kanisa kongwe kiasi kwamba mji wote umechukua jina lake.

Afrika Mashariki tulisimuliwa ugomvi ule kama ugomvi wa mafundisho, na mafundisho yalikuwemo kweli. Mwaka 2003 Kanisa la Kiepiskopali lilimweka wakfu Gene Robinson, aliyekuwa akiishi waziwazi na mwenzi wa jinsia yake, kuwa askofu wa New Hampshire. Jambo hilo linaeleza kwa nini watu walitaka kuondoka. Halielezi waliwezaje kuondoka kwa kura, wala kwa nini walitoka mikono mitupu. Majibu ya maswali hayo mawili yamo katika muundo wa parishi yenyewe: nani humwajiri kasisi, nani huandika daftari, hati ya kiwanja ina jina la nani. Kwetu mambo hayo matatu humwangukia askofu na dayosisi yake, kwa hiyo ni rahisi kuyapita bila kuyaona. Anayetaka kuelewa parishi ya kitongoji ya Kiepiskopali aanzie hapo hapo.

Virginia ya kikoloni iliiunda parishi kama kitengo cha serikali, chenye mipaka na kodi. Parishi ya Truro, iliyozaa kanisa la Falls, iliundwa mwaka 1732. Sheria iliipa kila parishi vestri, baraza la wanaume 12, kwa kawaida wenye mashamba makubwa. Neno vestri asili yake ni chumba cha mavazi ya ibada ambamo baraza lilikutania. Mjumbe akifa, waliobaki walimchagua wenyewe wa kuziba pengo, waumini hawakuulizwa. Kodi ilihesabiwa kwa vichwa, ikalipwa kwa tumbaku. Mshahara wa kasisi kisheria ulikuwa ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka, zaidi ya kilo 7,200, pamoja na nyumba na shamba la parishi. Vestri hiyo hiyo ililisha maskini, iliwatafutia yatima wa kuwalea, na kila baada ya miaka kadhaa ilituma watu kutembea kwenye mipaka ya mashamba ili kuihakikisha.

Askofu hakuwapo. Katika kipindi chote cha ukoloni hakuna askofu hata mmoja wa Kianglikana aliyekaa Marekani. Aliyehesabiwa kuwa msimamizi ni Askofu wa London, ng'ambo ya bahari. Wenye tumbaku ndio waliokuwa wakiamua kasisi gani abaki na yupi aondoke, na ukitafuta chanzo cha tabia ya parishi hizi mpaka leo, kichimbe hapo. Wakati makanisa yetu yalianza na mmisionari aliyetumwa na chama kisha askofu, wao walianza na kamati ya walipa kodi.

Mwaka 1746 vestri ya Truro ilinunua ekari mbili mahali lilipokuwa kanisa lake la mbao, kando ya barabara iliyoelekea kwenye maporomoko madogo ya mto Potomac. Jina la Falls lilitoka huko. George Washington aliingia vestri ya Truro mwaka 1762. Mwaka 1765 Parishi ya Fairfax ilikatwa kutoka Truro, na kanisa la matofali lililosanifiwa na James Wren likakamilika mwaka 1769. Bado limesimama. Tumbaku iliyolilipia ililimwa na watumwa, na mikono ya watumwa ilishiriki kulijenga; leo kuna alama katika uwanja wa kanisa inayowakumbuka kwa shukrani na toba. Ni vizuri ipo, maana historia ya parishi hii ilisimuliwa kwa muda mrefu mno kana kwamba Washington na wenzake ndio waliobeba matofali.

Mapinduzi yalikata mshipa wa fedha. Virginia ilisimamisha kodi ya kanisa mwaka 1776 na kuifuta kabisa mwaka 1779. Mwaka 1786 ikaja Sheria ya Uhuru wa Dini. Mwaka 1802 bunge likaamuru mashamba ya parishi yauzwe. Jengo la Falls Church lilibaki bila ibada kwa miaka mingi, likatengenezwa tena katika miaka ya 1830, kisha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vikaligeuza hospitali na baadaye zizi la farasi wa jeshi la Kaskazini. Kodi ilikufa, shamba likaenda, jengo likaharibiwa. Vestri haikufa. Ilibadilika tu: ikawa baraza linalochaguliwa na washirika wenyewe, na badala ya kutoza tumbaku ikaanza kuomba ahadi.

Kilichoigeuza kuwa parishi ya kitongoji ni serikali ya Washington. Katika miaka ya 1930 na 1940 wafanyakazi wa serikali walifurika Virginia ya kaskazini. Falls Church ikawa mji unaojitegemea mwaka 1948. Baada ya vita vilikuja vitongoji vya nyumba mpya, magari, watoto wengi, na parishi zikapanuka ghafla kwa madarasa ya Jumapili, kumbi na viwanja vya kuegesha magari. Katikati ya miaka ya 1960 Kanisa la Kiepiskopali lilikuwa na waumini waliobatizwa karibu milioni 3.4. Kufikia 2022 walikuwa chini ya milioni 1.6. Kwa hiyo majengo mengi ya vitongoji unayoyaona leo yalipimwa kwa idadi ya watoto wa kizazi kilichokwisha kuzeeka.

Falls Church ilikwenda kinyume cha mteremko huo. Mwaka 1979 ilimpata rekta, yaani kasisi kiongozi wa parishi, John Yates, mhubiri wa mrengo wa kiinjili, ikakua hadi kuwa miongoni mwa parishi kubwa za nchi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikajenga ukumbi mkubwa wa ibada pembeni ya kanisa la Wren. Mwaka huo huo wa 1979 yalitokea mambo mawili ambayo washirika wa kawaida hawakuyaona. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Jones dhidi ya Wolf, ilisema mahakama zinaweza kuamua migogoro ya mali za kanisa kwa sheria za kawaida za mali na amana, na kwamba kanisa likitaka kulinda mali yake liandike hivyo katika katiba au kanuni zake. Miezi michache baadaye Mkutano Mkuu wa Kanisa la Kiepiskopali huko Denver ulipitisha kanuni isemayo kwamba mali yote ya parishi inashikiliwa kwa amana kwa ajili ya Kanisa zima na dayosisi yake. Inajulikana kama Kanuni ya Dennis.

Kabla ya kufika mahakamani, ni lazima kuieleza kazi ya vestri ilivyo sasa, maana kesi ilikuja kuamuliwa kwa karatasi zake.

Kanuni za Kanisa zinasema vestri ni wakala na mwakilishi wa kisheria wa parishi katika mambo yote ya mali yake na uhusiano wake na makasisi. Kwa kawaida wajumbe huchaguliwa kwa miaka mitatu mitatu, theluthi moja ikitoka kila mwaka, ili baraza lisibadilike lote kwa mpigo. Wazee wakuu ni wawili. Wa kwanza ni mkono wa kuume wa rekta, na ndiye anayeongoza parishi ikiwa haina kasisi. Wa pili, katika parishi nyingi, huangukiwa na jengo: paa, mabomba, tanuri la kupashia joto, theluji mlangoni. Kuna mtunza hazina na kuna karani. Karani ndiye anayedharauliwa kuliko wote, na ndiye wa kuombewa kuliko wote.

Rekta hapangwi na askofu kama kasisi wa mtaa kwetu. Parishi inayojitegemea humtafuta yenyewe. Vestri huunda kamati ya utafutaji, kamati huandika wasifu wa parishi, hupokea maombi, huhoji, huenda kusikiliza mahubiri; kazi hiyo huchukua mwaka au zaidi. Vestri ikishafikia jina, hulipeleka kwa askofu kabla ya kuchagua, naye hupewa muda usiozidi siku 60 kutoa maoni yake. Kisha vestri huchagua, na mkataba huandikwa. Rekta aliyekwisha kusimikwa hawezi kufukuzwa na vestri peke yake, wala hawezi kujiuzulu bila ridhaa yake. Wakigombana, ni lazima askofu aingie kwa utaratibu wa kanuni. Usharika mdogo usioweza kujilipia huitwa misheni, na hapo askofu ana mkono mrefu zaidi.

Mambo huharibika mara nyingi katika kipindi cha kungoja. Kasisi wa muda huja, ahadi hushuka kwa sababu watu "wanangoja kuona", na vestri yenye haraka huchagua mtu aliye kinyume kabisa cha rekta aliyetoka, ili kuponya kidonda cha zamani. Miaka miwili baadaye hugundua wamepata kidonda kipya. Parishi zinazotumia mwaka wa kungoja kusafisha rejista ya washirika, kukagua vitabu na kurekebisha jengo humpokea rekta mpya zikiwa na hali tofauti kabisa.

Fedha ni ahadi, kama kwetu, ila wao huzihesabu mapema. Barua hutoka Oktoba. Kadi hurudi Jumapili moja ya Novemba. Bajeti hukamilishwa Desemba. Mkutano mkuu wa mwaka hufanyika Januari. Tuchukue parishi ya mfano yenye watu 120 ibadani na kaya 70 zilizoahidi wastani wa dola 3,000. Hizo ni dola 210,000. Mshahara na nyumba ya kasisi vikiwa dola 85,000, pensheni ni asilimia 18 juu yake, yaani dola 15,300, ambazo mwajiri hulipa yote kwa Mfuko wa Pensheni wa Kanisa. Bima ya afya ya familia inaweza kumeza dola 25,000 nyingine. Zimekwenda dola 125,300 kabla ya kumlipa mpiga kinanda, karani wa ofisi, umeme, gesi, bima ya jengo, na mchango wa dayosisi. Kinachobaki, dola 84,700, hakina nafasi ya paa.

Makosa ya bajeti za namna hii ni yale yale. Mtunza hazina huhesabu ahadi zote kana kwamba zitalipwa zote, wakati watu huhama, hufa na hupoteza kazi; mwenye busara hukata asilimia chache tangu mwanzo. Vestri huficha pengo kwa kuchota akiba ya wafu, zile fedha za wasia. Kanuni salama ya uchotaji ni asilimia 4 hadi 5 kwa mwaka ya wastani wa thamani ya mfuko kwa miaka mitatu. Parishi inayochota 8 au 10 inaishi kwa kuuza magogo ya nyumba yake. Pia wanaahirisha matengenezo. Maji yanayopenya kwenye makutano ya paa na mnara hayaonekani kwa miaka, yanaozesha mbao ndani ya ukuta, na siku plasta inapoanguka gharama imekwisha kuzidi bajeti ya mwaka. Ukaguzi wa hesabu ni wa lazima kila mwaka, na mali iliyowekwa wakfu haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya askofu na Kamati ya Kudumu ya dayosisi. Iweke akilini idhini hiyo ya rehani.

Maisha ya kila wiki hubebwa na watu ambao hakuna anayewaona. Kikundi cha madhabahu ndicho mfano wangu bora wa parishi hizi. Hufika Jumamosi. Hupanga kitambaa cha chini ya kikombe, kinachokunjwa sehemu tatu kwa kila upande hadi kitoe miraba tisa, ndani kwa ndani, ili chembe za mkate zibaki katikati kitambaa kinapoinuliwa. Vitambaa vya kufutia kikombe huloweshwa kwanza katika maji baridi. Maji ya moto hufunga doa la divai ndani ya uzi wa kitani, na likishafungwa halitoki. Maji ya suuzo la kwanza hayamwagwi kwenye sinki la kawaida. Yana sinki lake ambalo bomba lake linashuka moja kwa moja ardhini, au humwagwa kwenye udongo bustanini. Kitani hupigwa pasi kikiwa bado kibichi. Kitambaa cha madhabahu hakikunjwi, huviringishwa kwenye bomba la karatasi ngumu, maana mikunjo ndiyo hukata kitani kwanza. Mtu akishafanya kazi hiyo kwa miaka 20, anajua mwendo wa mwaka wa kanisa kwa vidole vyake. Akifa bila kumfundisha mwingine, parishi hupoteza kitu ambacho hakuna kanuni inayoweza kukirudisha.

Baada ya ibada kuna kahawa ukumbini, na hapo ndipo mgeni huamua kama atarudi. Kwa Waafrika Mashariki waliohamia Maryland na Virginia ya kaskazini hili ni jambo la kushangaza kidogo: mpangilio wa ibada unafanana na ule waliouzoea katika Kitabu cha Sala cha nyumbani, lakini salamu ni fupi, na mtu anaweza kukaa benchi moja nawe mwaka mzima bila kujua kwenu wapi. Mara nyingi si ubaridi wa moyo. Ni kwamba mahusiano yao yamo ndani ya kazi: kwaya, jiko la chakula cha wasio na makazi, ukaribishaji mlangoni, kufundisha watoto. Asiyejiandikisha kwenye kazi hubaki mgeni hata akihudhuria kila Jumapili.

Sasa kura. Tarehe 17 Desemba 2006 matokeo yalitangazwa: takriban asilimia 90 ya wapiga kura wa Falls Church walichagua kujitenga na Kanisa la Kiepiskopali, na Kanisa la Truro la mji wa jirani wa Fairfax likafanya vivyo hivyo. Walijiunga na chombo kilichoundwa na Kanisa Anglikana la Nigeria kwa ajili ya Marekani, chini ya Martyn Minns, rekta wa Truro aliyewekwa wakfu kuwa askofu huko Nigeria Agosti 2006. Mlango wa Nigeria haukuwa wa pekee. Rwanda ilikuwa imetangulia tangu mwaka 2000. Agosti 2007 Askofu Mkuu Benjamin Nzimbi wa Kenya aliwaweka wakfu Wamarekani wawili, Bill Atwood na William Murdoch, katika Kanisa Kuu la All Saints Nairobi. Siku chache baadaye Uganda ikamweka wakfu John Guernsey, rekta wa parishi nyingine ya Virginia, huko Mbarara.

Virginia ilikuwa na sheria ya pekee, ya mwaka 1867, iliyozaliwa wakati makanisa yalipogawanyika kwa sababu ya utumwa na vita. Ilisema kanisa likigawanyika, usharika unaweza kuamua kwa wingi wa kura utafuata tawi gani, na uamuzi huo utaamua umiliki wa mali. Parishi zilizoondoka ziliegemea sheria hiyo, na mwaka 2008 Jaji Randy Bellows wa mahakama ya Kaunti ya Fairfax alikubaliana nazo. Juni 2010 Mahakama ya Juu ya Virginia ilitengua. Mgawanyiko ulikuwepo, ilisema, lakini sheria inahitaji usharika ujiunge na tawi lililotokana na kanisa lililogawanyika, na Kanisa la Nigeria si tawi la Kanisa la Kiepiskopali la Marekani.

Hapa ndipo uchambuzi wa kwetu ulipokosa jicho. Tulijadili kama ni haki kwa askofu wa Afrika kuvuka mpaka wa dayosisi ya mwenzake, na watu wazuri walikuwa pande zote mbili. Hatukuangalia kwamba mwavuli wa Afrika, uliotolewa kwa nia ya kuwahifadhi, ndio uliowaondolea silaha yao bora mahakamani. Wangekuwa wameunda chombo chao cha Kimarekani tangu siku ya kwanza, kama walivyofanya baadaye Juni 2009 lilipoundwa Kanisa Anglikana la Amerika Kaskazini, wangekuwa na hoja yenye nguvu zaidi kwamba wao ni tawi. Sisemi wangeshinda. Nasema waliochagua Abuja, Nairobi au Mbarara kwa sababu za imani walikuwa wakifanya pia uamuzi wa kisheria, pengine bila kuupima.

Kesi ilirudi chini, na safari hii ikaamuliwa kwa mambo manne ambayo mahakama za Virginia hutazama: sheria za jimbo, maneno ya hati, kanuni za kanisa, na jinsi pande mbili zilivyohusiana kwa miaka. Januari 2012 Jaji Bellows, katika hukumu ya zaidi ya kurasa 100, aliipa dayosisi ushindi dhidi ya sharika saba zilizobaki kwenye kesi. Jambo la nne ndilo lililokuwa zito, na ushahidi wake ulitoka katika makabati ya parishi zenyewe. Wajumbe wa vestri walikuwa wamekula kiapo cha kufuata mafundisho na nidhamu ya Kanisa la Kiepiskopali. Walituma wajumbe kwenye mkutano wa dayosisi. Walipokea makasisi waliowekwa na maaskofu wake na walitumia Kitabu chake cha Sala. Walipotaka kuweka mali rehani ili wajenge, waliomba idhini. Ile barua ya idhini ya rehani, ambayo siku ilipoandikwa ilionekana kuwa usumbufu wa ofisini, ilikuwa ni ungamo kwamba mali ina mwenye kauli juu yake. Muhtasari wa karani yule anayedharauliwa ulisomwa kwa uzito kuliko mahubiri yote.

Mei 2012 wengi walihama. Mahakama ya Juu ya Virginia iliikubali hukumu kwa sehemu kubwa Aprili 2013, na Machi 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya Falls Church. Walioondoka walisali katika shule na kumbi za watu kwa miaka, wakakusanya fedha, wakafungua jengo lao jipya Septemba 2019, kilomita chache kutoka pale pa zamani.

Upande wa pili unasemwa kidogo mno. Washirika wachache wa Falls Church waliokataa kuondoka walikuwa wamehifadhiwa na Wapresbiteri wa jirani tangu mwanzo, katika ukumbi wa ng'ambo ya barabara. Siku waliporudi walikabidhiwa funguo za kanisa la 1769, ukumbi mkubwa, makaburi, ofisi na maegesho, mali iliyokuwa ikibebwa na maelfu. Kushinda kesi hakukuwapa watu wa kupiga pasi kitani. Ilibidi waanze na yale yanayowezekana: kuchagua vestri, kumwita rekta, kufungua rejista, kufunga sehemu za jengo wasizozihitaji, kukodisha nyingine, kurudisha kwaya kwa sauti chache. Parishi iliyorejea namna hiyo ikikimbilia kujaza ratiba yote ya zamani huchosha watu wake ndani ya mwaka mmoja. Falls Church ya Kiepiskopali imeendelea kuishi, na walioondoka wameendelea kuishi. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko hukumu zote, kwamba kundi lililopoteza jengo na kundi lililopoteza watu yote yalisimama tena, na yote mawili kwa chombo kile kile: baraza la watu 12 hivi, kadi za ahadi, na orodha ya zamu.

Kwa msomaji aliyehamia huko na anasali katika parishi kama hii, yapo mambo ya kufanya kwa mpangilio. Aandikiwe barua ya uhamisho na kasisi wa nyumbani, pamoja na tarehe za ubatizo na kipaimara. Mwanglikana wa Dodoma au Maseno hapokelewi kama mwongofu mpya, huhamishwa. Ahakikishe jina limeingia katika rejista yenyewe, maana orodha ya barua pepe ya ofisi haihesabiki. Kanuni humwita mshirika kamili yule aliyepokea Ushirika Mtakatifu angalau mara tatu katika mwaka uliopita, na mtu mzima huanzia miaka 16. Parishi nyingine huongeza kwamba mchango wake uwe umeandikwa kwa mtunza hazina, kwa hiyo noti inayotumbukizwa kwenye sahani bila bahasha haimtambulishi mtoaji. Aombe kuona katiba ndogo ya parishi, taarifa ya ukaguzi wa hesabu, na muhtasari wa vikao vya vestri vya mwaka uliopita, ambavyo katika parishi iliyo hai huonyeshwa bila maneno mengi. Hayo yote yakamilike kabla ya Desemba kwisha, kwa sababu mkutano mkuu ni Januari, na asiye katika rejista hapigi kura.